Visanduku Vinne

Mwanangu, nimesikia Jumatatu unaanza kazi. Umenipa habari hiyo ukiwa umesimama mlangoni, mkono mmoja wa koti umeuvaa na mmoja bado. Nilipokuuliza habari za karatasi ukanijibu, "Wamesema nije na aidii tu." Keti kidogo. Chai ipo, na basi linalofuata lina dakika ishirini.

Nakuita mwanangu kwa sababu umri umeniruhusu. Pengine umefika Marekani kwa ukimbizi kama mimi. Pengine ni kwa ile bahati nasibu ya viza, au umezaliwa hapa hapa na Kiswahili ulikipata jikoni kwa mama. Fomu ni hiyo hiyo moja. Inaitwa I-9. Siku hizi ni ukurasa mmoja tu na vijana wengi huijaza kwenye simu. Inauliza mambo mawili: wewe ni nani, na je, una haki ya kufanya kazi katika nchi hii? Mambo mawili mepesi, na mimi yalinishinda siku ya kwanza.

Yalinishinda kwa sababu nilikuwa na haraka. Na haraka yangu ilianzia mbali.

Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Sisi tulifika mwaka uliofuata, tukitokea Kivu ya Kusini kwa kuvuka ziwa. Nilikaa pale miaka kumi na tisa. Miaka yote hiyo nilikuwa na kadi ya mgao, lakini sikuwahi kushika karatasi inayosema kwamba huyu mtu anaruhusiwa kufanya kazi. Kutoka nje ya kambi kulitaka kibali. Kumlimia mtu kijijini bila kibali lilikuwa kosa. Tulikwenda hivyo hivyo alfajiri, jembe begani, kwa kuwa unga wa mgao ulikuwa unaisha kabla ya siku zake.

Msimu mmoja nilimlimia mtu mihogo siku sita, njia ya kwenda Makere. Siku ya malipo aliniuliza kwa upole kabisa, "Kibali chako kiko wapi, mzee?" Sikuwa mzee wakati ule. Nikanyamaza. Akanipa nusu ya tuliyopatana, akaniambia nishukuru. Na kweli nilishukuru. Ile nusu nimeshaisahau. Kushukuru kule ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Basi nieleze, mtu kama huyo akifika Des Moines, Iowa, Februari ya 2016, theluji ikiwa magotini, akaambiwa kuna kazi kwenye kiwanda cha nyama na hakuna atakayemkamata njiani, atasoma fomu? Mimi ningesaini hata cheti cha kifo changu mwenyewe.

Tulikuwa wakimbizi kama ishirini katika chumba kimoja. Kila mmoja alikuwa na ule mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Tulikuwa tumekatazwa kuuacha popote safarini, na mke wangu ndani ya ndege aliulalia kifuani kama mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na I-94, ile karatasi ndogo ya kuingilia nchini yenye muhuri unaosema umepokelewa kama mkimbizi. Fomu zikagawiwa. Kiingereza changu kilikuwa maneno kama kumi: asante, samahani, maji, na kadhalika. Kijana mmoja wa kwetu, aliyetutangulia mwaka mmoja, akasema tusihangaike. Akazikusanya fomu zote. Akajaza moja baada ya nyingine, mbio mbio, kalamu haipumziki. "Sahihi hapa, baba. Mama, hapa." Nikatia sahihi. Nilimwona mtu mwema sana. Na alikuwa mtu mwema, ndiyo maana nakusimulia.

Mama wa ofisi ya wafanyakazi akaniita. Akaitazama I-94 yangu, akaitazama fomu, akanitazama mimi. Akaniuliza kitu. Nikasema, "Yes." Akauliza tena polepole, kidole kikiwa juu ya karatasi. Nikasema, "Yes, yes," na tabasamu juu. Akashika simu, akapiga namba ya wakalimani, akanipa nisikilize. Upande wa pili akaja dada wa Kiswahili safi cha pwani: "Baba, anauliza, wewe ni raia wa Marekani?"

Nikamjibu, "Dada, nina wiki tano."

Yule kijana alikuwa amepiga tiki kisanduku cha kwanza kwa watu wote ishirini. Hakuwa na nia mbaya. Aliona cha kwanza ndicho kilicho bora.

Yule mama angeweza kuiacha fomu ipite. Hakuiacha. Aliziweka kando zote, akatupa mpya, na akamwita mkalimani kwa kila mmoja wetu. Ilichukua mchana mzima. Mimi nilinung'unika moyoni kwamba anatuchelewesha! Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba siku ile alinivuta shati nikiwa ukingoni mwa korongo.

Sasa nivichambue visanduku vyenyewe, maana ndipo palipo na moto. Sehemu ya kwanza ya fomu unaijaza wewe, si mwajiri, tena kabla siku yako ya kwanza ya kazi haijaisha. Viko vinne. Cha kwanza kinasema mimi ni raia wa Marekani. Cha pili ni cha watu wachache mno, kama wazaliwa wa American Samoa, kipite. Cha tatu ni cha mkazi wa kudumu, mwenye grinikadi. Cha nne ni cha asiye raia mwenye ruhusa ya kufanya kazi, na mkimbizi aliyefika juzi mahali pake ni hapo. Juu ya sahihi yako pameandikwa kwamba ukisema uongo unaweza kutozwa faini au kufungwa, na hiyo si mapambo. Tangu sheria ya mwaka 1996, mtu asiye raia akijiita raia ili apate kazi, neno hilo humfuata kwenye kila ombi la karatasi atakaloomba baadaye, na kwa watu wengi halina msamaha. Ameoa raia, ana watoto, analipa kodi, lakini ile tiki bado inamngoja kwenye faili.

Kukusaidia si kosa. Kiingereza kikikusumbua, mtu anaweza kukutafsiria na hata kukuandikia. Lakini fomu ina karatasi yake ya nyongeza kwa ajili ya msaidizi huyo, anaandika jina lake na anatia sahihi yake. Akikataa kuitia, muulize kwa nini yako anaitaka haraka hivyo.

Miaka mitano ikapita. Mwaka 2021 nikakaa mbele ya ofisa wa uhamiaji kwa ajili ya uraia, mkono wa kulia umeinuliwa, nimeapa kusema kweli. Akafika kwenye swali: umewahi kudai kuwa wewe ni raia wa Marekani? Kila anayeomba uraia huulizwa. Nikaiona ile fomu ya kwanza, sahihi yangu ikiwa chini yake. Ningeweza kusema hapana, nani angejua? Nikamweleza yote, yule kijana, mkalimani, fomu mpya. Shati lililoa jasho mgongoni, na ilikuwa Novemba. Akaandika mistari mingi. Kisha akageuza ukurasa, akaniuliza swali lililofuata.

Kunywa chai, inapoa.

Sehemu ya pili ni ya mwajiri. Yeye ana siku tatu za kazi tangu uanze, na ndani ya siku hizo anatakiwa ashike karatasi zako halisi mkononi. Fotokopi haitoshi, isipokuwa cheti cha kuzaliwa, ambacho nakala iliyothibitishwa inakubalika. Kuna orodha tatu: A, B na C. Karatasi ya orodha A inatosha peke yake, kwa sababu inajibu maswali yote mawili. Humo mna pasipoti ya Marekani, grinikadi, na ile kadi yenye picha tunayoiita kadi ya kazi. Kama huna ya A, lete moja ya B, inayosema wewe ni nani, mfano leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, pamoja na moja ya C, inayosema unaruhusiwa kufanya kazi, mfano kadi ya Social Security, sosho yetu. Kama hujafika miaka 18, hata ripoti ya shule inakubalika kuwa ya B. Nilipoambiwa hilo nilicheka: mwanangu wa pili, na zile alama zake za hisabati, kumbe ripoti ile ilikuwa na faida.

Hiyo "aidii tu" uliyoambiwa ndiyo inayonitia wasiwasi. Aidii peke yake ni B. Ukienda nayo hiyo tu, utarudishwa.

Na hapa shika neno moja: anayechagua karatasi ni wewe. Mwajiri haruhusiwi kukuambia "mimi nataka grinikadi" au "niletee kadi ya kazi." Akuonyeshe orodha, wewe uchague. Karatasi ikiwa hai, ikionekana ni halisi na ni yako, anaipokea. Sisi watu wa kambi hili linatushinda. Tumezoea kwamba mwenye meza ndiye mwenye neno.

Ghorofa ya chini ya jengo tulilopanga alikaa mama mmoja wa Uvira, mjane, mfagiaji wa hoteli. Alipoanza kazi alionyesha kadi ya kazi. Kadi ile ina tarehe ya mwisho. Tarehe ikafika, mpya haijaja, ofisi ikamwambia aende nyumbani mpaka ailete. Alikaa wiki saba bila mshahara. Wiki saba! Na kwenye droo ya kabati, chini ya vitambaa vya meza, ilikuwepo sosho yake, haina maandishi yoyote ya kumzuia, kama zilivyo za wakimbizi. Hiyo peke yake ingetosha. Kadi inapoisha muda, unaweza kuonyesha karatasi yoyote ya orodha A au C. Si lazima iwe ile ile ya mwanzo. Tena mkimbizi, au aliyepewa hifadhi, ruhusa yake ya kazi inatokana na hali yake yenyewe. Kadi ina tarehe, ruhusa haina. Ndiyo maana kwenye kisanduku cha nne, panapoulizwa ruhusa yako inaisha lini, watu hao huandika N/A. Hakuna aliyemwambia, na sisi majirani tulimpikia maharage tukadhani tumemsaidia.

Wizara ya Sheria ya Marekani ina kitengo cha mambo haya, cha kulinda haki za wahamiaji na wafanyakazi. Unapiga simu bure, unaomba mkalimani, na si lazima utaje jina lako. Yule mama hakupiga. Aliniambia anaogopa kuonekana mkorofi. Nilimwelewa, maana na mimi niliwahi kushukuru kwa nusu.

Ila soma maneno yaliyo juu ya sosho yako, kwa sababu hazifanani. Nyingine zina maandishi kwamba inafaa kwa kazi pamoja tu na idhini ya uhamiaji. Hiyo haiingii kwenye orodha C, na mwenye nayo lazima alete karatasi nyingine. Nyingine zinasema wazi hazifai kwa kazi. Kadi ni moja kwa sura, lakini mstari mmoja mdogo unaweza kuibadilisha kabisa.

Kosa langu la pili ni la kipuuzi zaidi, nalisema kwa aibu. I-94 ya mkimbizi mwajiri anaipokea kama risiti tu, na risiti hiyo ina siku 90. Zikiisha, ulete kadi ya kazi, au kitambulisho pamoja na sosho. Mimi sosho ilinifikia mapema kwa posta. Nikaishika: karatasi laini, nyepesi, ya rangi ya samawati iliyopauka. Nikasema moyoni, hii mvua moja tu itaimaliza. Unajua kambini kila karatasi ya maana ilipigwa laminesheni. Mwenye mashine ile pale sokoni alikuwa tajiri. Nikatafuta duka la fotokopi, nikazipeleka tano zote, ya mke wangu na za watoto, zikachomwa plastiki zikang'aa. Nilirudi nyumbani natembea kifua mbele.

Wenyewe wa Social Security wanasema usiilamineti, kwa sababu alama za usalama hazikaguliki tena. Yule mama wa ofisi aliigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba akitafuta zile chapa zilizoinuka, hakuzisikia. Akatikisa kichwa. Nikaenda kuomba nyingine. Ni bure, lakini wana kikomo chao: tatu kwa mwaka, kumi kwa maisha yako yote. Siku ya 84 ilinikuta kwenye foleni. Siku ya 87, nilipofungua sanduku la barua mikono ikinitetemeka kwa baridi, nikakuta kadi ya kazi imefika. Siku tatu zaidi na ningekuwa nje. Mke wangu hajaniruhusu kusahau mpaka leo. Mgeni akija, ndiyo hadithi ya kwanza.

Basi sosho usitembee nayo kwenye pochi. Iwekwe nyumbani ndani ya bahasha, itoke siku ya kazi na irudi siku hiyo hiyo. Fotokopi za kila kitu ziwe mahali pengine, kwa ajili yako mwenyewe. Kadi yenye tarehe, anza kuomba mpya mapema. Unaruhusiwa kuanzia siku 180 kabla haijaisha. Na I-9 huja baada ya kupewa kazi na wewe kuikubali. Mtu ambaye hata hujaonana naye akikuomba picha ya sosho kwenye WhatsApp "ili tukuajiri," huyo ni mwizi. Wako waajiri wanaokagua karatasi kwa video, ni kweli, serikali iliwaruhusu mwaka 2023 wale waliojiunga na E-Verify, lakini hao unakuwa umeshawajua.

Na kwa kuwa nimeitaja E-Verify, tuseme habari za majina. Ni kompyuta ya serikali inayolinganisha uliyoandika na yaliyo kwenye kumbukumbu. Sisi Wakongo tuna majina matatu, na kila karani aliyetuandika alikuwa na mpango wake. Kambini jina la baba yangu liliwekwa mbele. Karatasi zetu zilipopita Nairobi, likarudi nyuma. Mke wangu alipotezewa herufi moja mahali fulani kati ya Kasulu na uwanja wa ndege, na haijaonekana mpaka leo. Na tarehe za kuzaliwa! Nyumba yetu ina watu watano, watatu tumezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu ofisa aliuliza tarehe tukataja msimu wa mvua. Siku hiyo tunakata keki moja.

Nakusihi, usijaribu kurekebisha mambo hayo ndani ya I-9. Andika jina kama lilivyo kwenye karatasi utakazoonyesha, herufi kwa herufi. Ukiandika tarehe ambayo mama yako anaikumbuka wakati kadi inasema 1 Januari, kompyuta haimjui mama yako. Kama jina limekosewa, kalisahihishe kwanza Social Security na uhamiaji, polepole, karatasi moja baada ya nyingine. Na ikitokea kompyuta ikasema hazilingani, usikimbie kazi. Vijana wetu wengi hukimbia hapo, wanaona wameshafukuzwa. Mwajiri anatakiwa akuambie faraghani na akupe notisi. Ukichagua kupinga una siku nane za kazi za serikali kwenda kulifuatilia, na hana ruhusa ya kukufukuza kwa ajili hiyo wakati jambo bado liko mezani. Nenda. Mara nyingi ni ile herufi moja.

Kuna jingine ambalo halisemwi mezani, nitalisema mimi. Atakuja mtu akuambie karatasi zako zinachelewa za nini, chukua sosho ya fulani uingie nayo. Pale kiwandani nilifanya kazi kisu kwa kisu na mtu wa Guatemala. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Postville, mji mdogo kaskazini-mashariki mwa Iowa yetu hii. Tarehe 12 Mei 2008 serikali iliingia kwenye kiwanda cha nyama pale na kukamata watu 389 kwa siku moja, wengi wao Waguatemala. Walikuwa wafanyakazi, watu wenye mikono kama yangu. Mamia walishtakiwa kwa jinai za karatasi: namba za watu wengine, au namba ambazo hazikuwa za mtu. Wengi walifungwa miezi mitano, kisha wakarudishwa kwao. Yule rafiki yangu hakuongeza neno. Alinoa kisu, tukaendelea.

Usidhani fomu hii ilitungwa kwa ajili yetu. Rais Reagan alitia sahihi sheria yake tarehe 6 Novemba 1986, na tangu siku hiyo kila anayeajiriwa hapa anaijaza, hata kama babu wa babu yake alizaliwa hapa. Siku ile ya kwanza pembeni yangu aliketi kijana mweupe, mwana wa mkulima wa mahindi, mashavu mekundu. Alikuja na leseni ya udereva tu. Kama wewe na aidii yako. Walimwambia alete na cheti cha kuzaliwa au sosho, naye hakujua mama yake anaviweka wapi. Alikuwa anapiga simu nyumbani kwa sauti ya kulia. Mimi mkimbizi nilikuwa na mfuko wangu wa plastiki, kila kitu kimo ndani. Nilimwonea huruma, na nakiri nilijisikia vizuri kidogo.

Wanangu nao wamekosea kwa namna yao. Wa mwisho alikuwa na miaka 15, ana grinikadi, anaishi kwangu, siku nilipokula kiapo cha uraia. Sheria inamfanya mtoto kama huyo raia siku hiyo hiyo, bila kiapo chake. Hatukujua. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kupanga bidhaa dukani, akapiga tiki kisanduku cha tatu. Baba alipigiwa cha kwanza kabla ya wakati, mtoto akakikosa wakati ni chake. Tulimwombea pasipoti ndipo tukajua, akaenda dukani kurekebisha. Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa mdomo gani?

Mimi niliacha kisu mwaka 2022, vidole vilikuwa vimeanza kukataa kufunguka asubuhi. Nikapata kazi jikoni, kwenye shule ya watoto wadogo. Binti wa ofisi akanipa fomu, ni wa umri wako, simu yake inalia kila mara. Nikatoa pasipoti ya bluu, nikaiweka mezani juu ya bahasha yake. Nikavaa miwani. Nikaanza juu kabisa, jina la ukoo, jina langu, anwani. Nikafika kwenye visanduku. Nikasoma cha kwanza, nikasoma cha pili, cha tatu, cha nne. Nikarudi cha kwanza nikakisoma tena. Foleni ilikuwa nyuma yangu, watu watatu au wanne. Binti akainama kidogo, akaniuliza kwa upole, "Mzee, kuna shida?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Nasoma."